Kumtafuta Babu Katika Vitabu vya Parokia za Uingereza

Mwenye haraka hufungua tovuti, huandika jina na mwaka, huona ubatizo mmoja unaofanana, kisha huanza kujaza majina ya wazazi. Mara nyingi hapo ndipo anapoingia ukoo wa watu wengine. Waingereza wa karne ya 17 na ya 18 walitumia majina machache mno: wanaume ni John, William na Thomas, wanawake ni Mary, Ann na Elizabeth. Kijiji chenye kaya mia kinaweza kuwa na akina William Brown watatu wa rika moja, wawili kati yao mtu na binamu yake. Kwa hiyo kuliona jina si kumpata mtu. Unamtambua wako kwa kuwaondoa wasio wako, mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki mmoja.

Mwongozo huu wa vitabu vya parokia, yaani madaftari ya Kanisa la Anglikana ya ubatizo, ndoa na mazishi, unahusu Uingereza yenyewe (England), na kwa sehemu kubwa Wales. Scotland na Ireland zina taratibu zao, zisichanganywe na hizi.

Kwanza rudi nyuma mpaka uvuke 1837

Usianzie kwa babu wa mbali ukishuka kuja kwako. Anzia kwako ukipanda, kizazi kimoja kimoja, wala usikiache kizazi kabla hakijathibitika.

Tarehe 1 Julai 1837 serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Kuanzia hapo kuja huku, tegemea vyeti vya serikali. Ofisi kuu ya usajili, GRO, ina faharasa mtandaoni ambayo haitozi kitu kuitafuta ukishajisajili, na ubora wake ni kwamba vizazi vimeandikwa pamoja na jina la ukoo la mama alilozaliwa nalo. Ukiwa na jina hilo unaweza kuwakusanya ndugu wote wa tumbo moja kabla hujanunua cheti hata kimoja. FreeBMD, tovuti nyingine ya faharasa ya vizazi, ndoa na vifo, nayo ni bure. Kumbuka tu kwamba wengine hawakuandikishwa, kwa sababu sheria haikuwabana wazazi kisawasawa mpaka 1875. Mtoto wa 1845 asiyeonekana kwenye faharasa huenda yumo katika kitabu cha ubatizo.

Cheti cha ndoa cha baada ya 1837 ndicho daraja lako, kwani kinataja jina na kazi ya baba wa bwana harusi na wa bibi harusi. Kisome kwa tahadhari mbili. Maneno "full age" yana maana ya miaka 21 au zaidi, basi. Anaweza kuwa na 22 au 50. Na mtoto wa nje ya ndoa mara nyingine alimtaja babu yake, baba wa kambo, au mtu wa kubuni, ili nafasi ya baba isibaki tupu mbele ya kasisi.

Kisha sensa. Ya 6 Juni 1841 inasaidia kidogo: umri wa watu wazima ulipunguzwa hadi tano iliyo chini yake (mwenye 39 akaandikwa 35), na mahali pa kuzaliwa hapatajwi ila kwa kusema kama ni kaunti hiyo au siyo. Ya 1851 ndiyo yenye thamani, maana inataja parokia aliyozaliwa mtu. Mzee wa miaka 70 aliyekuwa hai mwaka huo anakupeleka moja kwa moja kwenye kitabu cha 1781 au karibu yake. Kama alishafariki, mtafute ndugu yake aliyeishi zaidi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ambaye babu yake Mwingereza alikuja kwa kazi ya reli, misheni, utawala au shamba, ana njia mbili nzuri za kuanzia. Orodha za abiria waliosafiri kwa meli kutoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960, zinajumuisha waliokuja Mombasa, Tanga na Zanzibar, na hutoa umri na kazi; za miaka ya baadaye hutoa na anwani ya mwisho Uingereza. Njia ya pili ni kalenda ya mirathi ya Uingereza na Wales, yaani orodha ya kila mwaka ya mirathi iliyothibitishwa, inayoanzia 1858. Aliyefia Nairobi akiacha mali Uingereza huweza kuwemo, pamoja na tarehe ya kifo na jina la msimamizi wa mirathi, ambaye mara nyingi ni ndugu. Hata familia ambayo baba hakuwahi kuikiri, na iliyobaki na jina tu na kituo cha kazi, inaweza kuanzia hapo.

Vitabu vyenyewe: kila kipindi kina tabia yake

Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Mwanzoni wengi waliandika kwenye karatasi hafifu. Mwaka 1598 ikaamriwa vitabu viwe vya ngozi na maandishi ya zamani yanakiliwe humo, hasa kuanzia utawala wa Elizabeth wa Kwanza, ulioanza 1558. Ndiyo maana vitabu vingi vinaanzia 1558 na si 1538, na ndiyo maana kurasa za miaka arobaini huwa na mwandiko mmoja: ni nakala. Ubatizo wa Shakespeare wa 26 Aprili 1564 pale Stratford-upon-Avon tunaujua kwa nakala ya namna hiyo. Nakala hukosewa, tena mnakili huruka mistari.

Amri hiyo ilileta kitu kingine kinachookoa watafiti wengi: kila mwaka parokia ipeleke kwa askofu nakala ya maandishi ya mwaka mzima. Kitabu kikiliwa na panya au kikilowa maji, nakala ya askofu huenda ipo. Hata kitabu kikiwa kizima, zisome zote mbili, kwani zinatofautiana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Moja ina jina la mama, nyingine haina.

Kati ya 1643 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala usio na mfalme, tegemea mapengo. Kuanzia 1653 ndoa zilifungwa mbele ya hakimu na daftari likashikwa na mtu asiye kasisi. Wakati huo utaona tarehe za kuzaliwa badala ya ubatizo.

Ndoa za kabla ya 1754 zinakatisha tamaa: majina mawili na tarehe, hata parokia ya mume haitajwi. Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika 25 Machi 1754 ilibadili kila kitu. Ndoa zikawa na kitabu chake, zikaandikwa parokia za wote wawili, kama wamefunga kwa matangazo au kwa leseni, na wote wakaweka saini au alama ya msalaba pamoja na mashahidi wawili. Wasome mashahidi. Anayejitokeza kwenye ndoa kumi mfululizo ni karani wa kanisa. Anayejitokeza mara moja tu ni ndugu au rafiki.

Kati ya 1783 na 1794 kila tukio lililoandikwa lilitozwa ushuru wa peni 3, isipokuwa la maskini. Utakuta "pauper" au herufi P pembeni, na si kila aliyeandikwa hivyo alikuwa fukara. Wengine waliahirisha ubatizo mpaka ushuru ulipoondolewa, halafu wakawapeleka watoto wanne siku moja. Ukikosa ubatizo wa miaka hiyo, endelea kutafuta mpaka 1800.

Kuanzia 1 Januari 1813 vitabu ni vya fomu zilizopigwa chapa, maingizo manane kwa ukurasa. Ubatizo unataja majina ya wazazi, makazi na kazi ya baba. Mazishi yanataja makazi na umri. Umri huo ni dhahabu, maana aliyezikwa 1815 akiwa na miaka 80 anakurudisha hadi 1735 au karibu yake.

Na kama babu yako ni wa upande wa York, una bahati ya pekee. Kasisi William Dade alisukuma mtindo wa kuandika mengi, na kuanzia 1777 parokia kadhaa za huko zikaandika ubatizo pamoja na majina ya babu na bibi wa pande zote mbili. Dayosisi ya Durham nayo, kati ya 1798 na 1812, iliandika jina la ukoo la mama na mahali alikotoka. Ukurasa mmoja wa aina hiyo unaweza kukuokolea miezi ya kazi.

Kupata kitabu

Uingereza ilikuwa na parokia za kale zaidi ya 10,000, na nyingine ni ndogo kiasi cha kuzunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Tovuti ya FamilySearch ina ramani ya bure inayoonyesha mipaka ya parokia ilivyokuwa 1851. Chora duara la maili 10, yaani kilomita 16, kutoka parokia uliyoipata, na uorodheshe zote zilizomo. Kibarua wa shamba aliajiriwa kwa mwaka, akahama, lakini mara nyingi hakuvuka duara hilo. Ndoa kwa desturi ilifungwa kwa kina bibi harusi, na mtoto wa kwanza mara nyingi alibatizwa huko huko kwa mama yake. Anayetafuta kwenye parokia ya baba peke yake hukosa vyote viwili.

Vitabu halisi sasa viko katika hifadhi za nyaraka za kaunti, si kanisani. Picha za kurasa ziko sehemu tofauti kulingana na mkataba wa kila kaunti: nyingi za London ziko kwenye tovuti ya kulipia ya Ancestry, za Devon ziko Findmypast, ya kulipia pia, Essex ina tovuti yake yenyewe ya kulipia. Tazama kwanza tovuti ya hifadhi ya kaunti ujue picha ziko wapi, ndipo ulipie mwezi mmoja. FreeREG na FamilySearch ni bure, ila FreeREG ni maandishi yaliyonakiliwa na watu wa kujitolea, na FamilySearch ina mchanganyiko wa picha na faharasa.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Kutoona jina kwenye faharasa hakuna maana kwamba mtu hakuwepo. Huenda kitabu cha parokia ile hakijanakiliwa. Kila tovuti ina ukurasa unaoonyesha parokia zipi na miaka ipi zimo. Usome kabla ya kutafuta, na uandike mapengo yake. Ukipata jina kwenye faharasa, fungua picha. Aliyenakili amekuandikia alichodhani amekiona, na pembeni mwa ukurasa mara nyingi kuna neno ambalo hakulichukua: umri, kazi, "twin" kwa pacha, au "base" na "spurious" kwa mtoto wa nje ya ndoa.

Kusoma mwandiko

Kuanzia 1733 Kilatini kiliachwa rasmi. Kabla ya hapo jifunze maneno machache: "filius" ni mwana, "filia" ni binti, "uxor" ni mke, "vidua" ni mjane, "sepultus" ni amezikwa. Gulielmus ni William, Jacobus ni James, Johannes ni John.

Vifupisho huwakosesha wengi. "Jno" ni John, wala si Jonathan. "Jas" ni James. "Xpofer" ni Christopher. "7ber" ni Septemba, wala si mwezi wa saba, na "8ber" ni Oktoba. "Otp" maana yake ni mtu wa parokia hii hii.

Mwandiko wa kabla ya katikati ya karne ya 17 una c inayofanana na r ya leo, h inayoshuka chini ya mstari, na s ndefu inayoonekana kama f bila kikonyo. Usianze na jina la ukoo unalolitafuta, maana macho yataona yanachokitaka. Anza na maneno unayoyajua lazima yawepo katika ukurasa huo huo, yaani majina ya miezi, "baptized", John, Mary. Toa humo kila herufi, ujitengenezee abajadi ya karani yule, ndipo urudi kwenye jina lako.

Tahajia isikusumbue. Karani aliandika alichosikia, na mkulima asiyejua kusoma hakuweza kumsahihisha. Hawkins huwa Awkins, Smith huwa Smyth. Tamka jina kwa sauti bila H, badilisha irabu, kisha utafute tena.

Mwaka ulioanza Machi

Mpaka 1751 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi. Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilikuwa mwisho wa mwaka, si mwanzo. Mfano ni watoto wa Shakespeare. Susanna alibatizwa 26 Mei 1583. Pacha Hamnet na Judith wameandikwa 2 Februari 1584. Ukisoma kwa kalenda ya leo, mama mmoja amejifungua mara mbili ndani ya miezi minane na siku chache. Ukisahihisha kuwa 1585, pengo linakuwa miezi ishirini, na jambo limenyooka. Tumia kipimo hiki kwa kila familia: watoto wawili wa mama mmoja waliopishana chini ya miezi tisa ni dalili ya tarehe iliyosomwa vibaya, au ya familia mbili ulizozichanganya.

Katika maandishi yako andika 2 Februari 1584/5, ili msomaji ajue umeliona tatizo. Mwaka 1752 ndio wa kwanza kuanza 1 Januari, na mwaka huo 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba. Siku 11 ziliondolewa, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta.

Kuthibitisha: anzia makaburini

Umepata ubatizo unaofaa. Sasa jaribu kuuangusha.

Soma mazishi ya parokia ile na za jirani, kuanzia siku ya ubatizo hadi umri wa kuoa. Watoto wengi walikufa wachanga, na "William mwana wa John na Mary" akizikwa baada ya wiki sita, huyo si babu yako hata kama kila kitu kingine kinaafiki. Tena wazazi walikuwa na desturi ya kumpa jina lile lile mtoto aliyefuata. Akina William wawili katika familia moja kwa kawaida maana yake wa kwanza alifariki, na wako ni wa pili.

Kisha ijenge familia nzima. Orodhesha kila mtoto wa wazazi hao kwa mpangilio wa tarehe, pamoja na ndoa na kifo cha kila mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa familia nyingine yenye jina hilo ndani ya duara lako. Kazi inachosha, lakini hakuna ya mkato, maana akina William wengine wanaoa, wanazikwa na wanahamia mahali unapoweza kuwaona, na mmoja anabaki bila mwisho mwingine isipokuwa ule unaouhitaji. Linganisha pia saini ya kitabu cha ndoa dhidi ya saini kwenye leseni, wosia, au alipokuwa shahidi wa dada yake. Mkono wa mtu haubadiliki sana.

Bibi harusi aliyekuwa mjane ameandikwa kwa jina la mume wa kwanza. Usitafute ubatizo wake kwa jina hilo. Tafuta ndoa yake ya awali.

Na maandishi husema yale tu karani aliyoambiwa. Tarehe 9 Februari 1759 kanisa la St Margaret's, Westminster, liliandika ubatizo wa Gustavus Vassa, mtu mweusi, mzaliwa wa Carolina, miaka 12. Huyo ni Olaudah Equiano, mwandishi aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizaliwa katika nchi ya Waigbo, na wanahistoria bado wanabishana. Waafrika wengi walibatizwa Uingereza katika karne ya 18, nao wameandikwa "a Black" au "Negro", mara nyingi kwa jina walilopewa na bwana wao. Anayewatafuta asome ukurasa wote kwa macho, kwa sababu maneno hayo yanaweza kuachwa nje ya faharasa.

Ubatizo usipoonekana

Huenda familia haikuwa ya Kanisa la Anglikana. Wabaptisti, Wakongregesheni, Wamethodisti na Wakweka walikuwa na vitabu vyao, na vingi vilikabidhiwa serikalini kuanzia 1837. Viko Hifadhi ya Taifa, Kew, kwa alama RG 4 hadi RG 8. Lakini kati ya 1754 na 1837 hata wao ilibidi wafunge ndoa katika kanisa la parokia, isipokuwa Wakweka na Wayahudi. Dalili yake ni familia yenye ndoa na mazishi ya Kianglikana bila ubatizo wowote.

Tafuta leseni ya ndoa. Bwana harusi aliapa, akataja umri, kazi na parokia, na mpaka 1823 iliwekwa dhamana iliyotiwa saini na wadhamini, mara nyingi ndugu. Leseni haithibitishi kwamba ndoa ilifungwa, nayo ina makosa yake. Daftari la askofu wa Worcester, Novemba 1582, lilimwandika mchumba wa Shakespeare kuwa Anne Whateley wa Temple Grafton; hati ya dhamana ya siku iliyofuata ikasema Anne Hathwey wa Stratford. Karatasi zote mbili za jambo moja zikisomwa pamoja, kosa linaonekana.

Kwa maskini, nyaraka bora ni za msaada wa parokia. Sheria ya 1662 iliruhusu parokia kumrudisha mgeni fukara alikokuwa na haki ya ukazi, yaani haki ya kusaidiwa na parokia hiyo, kwa hiyo waamuzi walimhoji: ulizaliwa wapi, baba yako alikuwa na haki wapi, ulitumikia nani mwaka mzima. Majibu yameandikwa. Mama asiye na mume alihojiwa pia juu ya baba wa mtoto, na mwanamume akatiwa dhamana ya matunzo. Jina lisilopatikana kwenye kitabu cha ubatizo mara nyingi limo humo.

Daftari lako na barua kwa hifadhi

Kwa kila ulichosoma andika parokia, aina ya kitabu, miaka, alama ya hifadhi, namba ya ukurasa au picha, na majina uliyoyatafuta. Andika hata ulipokosa: "mazishi 1740–1760, kurasa zote zimesomwa, hakuna; kurasa za 1751 zimelowa". Bila hayo utakisoma kitabu hicho mara tatu.

Ukikwama, iandikie hifadhi ya kaunti kwa barua pepe. Uliza swali moja tu: jina pamoja na tahajia zake nyingine, parokia, muda usiozidi miaka kumi, na vitabu ulivyokwisha kuvipitia. Uliza kama nakala ya askofu ya miaka hiyo ipo, na gharama ya picha kabla hawajaipiga. Barua ya mistari sita yenye swali moja hujibiwa mapema kuliko kurasa mbili za historia ya ukoo.